Kabla ya Kujaza Gunia: Ushauri kwa Vikundi Vinavyotaka Kuuza Mbegu za Miti ya Asili

Swali ni lile lile, liwe limetoka Kilwa, Kwale au Lushoto: "Tuna kikundi, msitu uko karibu, na tunasikia watu wanatafuta mbegu za miti ya asili. Tuanzie wapi?" Wengine huuliza wakiwa wameshaanza. Magunia yamejaa stoo, panya wameyagundua, na mnunuzi hajulikani.

Mahitaji yapo. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Kupitia AFR100, mpango wa kurejesha misitu Afrika, Kenya na Tanzania zimeahidi kurejesha uoto kwenye zaidi ya hekta milioni 5 kila moja. Umoja wa Mataifa nao umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kurejesha mifumo ya ikolojia. Ahadi zote hizo zinaanza na mbegu, na mbegu ya mpingo, mninga au mvule hainunuliwi dukani kama ya mahindi. Iko juu ya mti, na wanaojua mti huo uko wapi na unazaa lini ni ninyi.

Lakini shikeni jambo moja kabla ya yote. Mbegu nzima na mbegu iliyokufa zinafanana. Mnunuzi hugundua tofauti baada ya wiki au miezi, akiwa amesimama mbele ya kitalu kitupu, na hapo harudi tena. Kikundi kinachodumu katika kazi hii ni kile ambacho neno lake linaaminika, na imani hiyo hujengwa kwa daftari, kisu cha kupimia na uvumilivu wa kutupa mbegu mbaya hata kama zimewatoa jasho.

## Kwanza: je, ardhi inahitaji mbegu?

Si kila eneo lililochakaa linahitaji kupandwa. Mkoani Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulirudisha miti kwenye eneo kubwa kwa kufufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho ili ipumzike. Dodoma watu wanaijua njia ya kisiki hai: unachagua machipukizi machache kwenye kisiki, unapogoa mengine, unalinda. Hakuna mbegu iliyonunuliwa.

Mbegu zinahitajika hasa pale ambapo:

- visiki vimeng'olewa au vimekufa, kwa mfano kwenye machimbo ya mawe na mashamba yaliyolimwa kwa trekta miaka mingi;
- miti mama ya aina inayotakiwa imekatwa yote jirani;
- mbegu ni nzito, na wanyama au ndege waliokuwa wakizisambaza hawapo tena.

Kwa nini muuzaji wa mbegu ajali haya? Kwa sababu anayepanda mahali pasipofaa, kazi ikiharibika, lawama huishia kwenye mbegu zenu.

## Mnunuzi apatikane kabla ya msimu

Kosa linaloongoza ni kukusanya kwanza na kuuza baadaye. Aina nyingi hazisubiri soko.

Wanunuzi wa kuwatembelea ni hawa:

- vitalu vya serikali, shule, makanisa, misikiti na watu binafsi;
- wakala na taasisi za mbegu: vituo vya mbegu vya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na KEFRI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya);
- miradi ya kurejesha misitu na mikoko;
- kampuni zenye wajibu wa kurudisha uoto, kama za migodi na saruji;
- wakulima wanaopanda miti mipakani au kando ya vijito.

Mkikutana na mnunuzi, mpeni maswali haya na mwandike majibu:

1. Unataka aina gani, na kwa jina la kisayansi ni ipi?
2. Kiasi gani, kwa kilo au kwa idadi ya mbegu?
3. Utazipanda wapi? Ukame, mwinuko na udongo wa huko ukoje?
4. Utazihitaji mwezi gani?
5. Unataka zilizosafishwa kabisa, au zikiwa ndani ya maganda?
6. Utalipa lini, na malipo ya awali ni kiasi gani?

Nchini Brazil, katika bonde la mto Xingu, kuna mtandao wa wakusanya mbegu ulioanzishwa mwaka 2007, wenye mamia ya wanachama: watu wa jamii za asili, wakulima wadogo na wakazi wa mijini. Utaratibu wao ni wa kuigwa. Vikundi hueleza mapema vinaweza kupata nini, oda za wanunuzi hukusanywa pamoja, kisha kazi hugawanywa kwa vikundi. Mkusanyaji anaingia porini akijua atatoa kiasi gani na atalipwa kiasi gani.

Kama msimu wa kwanza hamna oda hata moja, kusanyeni kidogo sana, mzioteshe wenyewe, na muuze miche. Hasara itakuwa ndogo na mafunzo yatakuwa mengi.

## Mti gani ni wa asili?

Watu wengi huleta mbegu za miti waliyokua wakiiona, wakidhani ni ya hapa. Mwarobaini ulitoka Asia. Mjohoro na mtiki pia. Mkaratusi na mgrivea asili yake ni Australia, na mkorosho ni Brazil. Ina faida zake, lakini mnunuzi anayerudisha msitu wa asili hataipokea. Mathenge ni onyo tosha: uliletwa Kenya kuokoa nyanda kame, na leo wafugaji wa Baringo wanapambana nao kwa kuwa umemeza malisho.

Halafu kuna suala la majina. Mti unaoitwa mkongo sehemu nyingi za Tanzania ndio mbambakofi wa pwani ya Kenya. Jina moja nalo linaweza kubeba miti miwili tofauti wilaya mbili zikikutana. Kwa hiyo:

- kwa kila aina, andikeni jina la kijijini, jina la Kiswahili na jina la kisayansi; mkongo, kwa mfano, ni Afzelia quanzensis;
- kaushieni tawi dogo lenye majani, na maua au tunda, kati ya magazeti, kisha mlipeleke kwa ofisa misitu alithibitishe;
- anzeni na aina tano au sita tu ambazo wazee wenu wanazijua vizuri.

## Ruhusa, hata kwa kilichoanguka chini

"Lakini ni mbegu tu, zinaoza bure." Hata hivyo ombeni. Ugomvi wa ruhusa huvunja vikundi.

- Msitu wa kijiji (Tanzania): mwoneni mwenyekiti wa kijiji na kamati ya maliasili. Kijiji kina mamlaka ya kusimamia msitu wake chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kinaweza kudai ushuru. Kubalianeni kwa maandishi.
- Msitu wa serikali: TFS kwa Tanzania Bara, KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya) kwa Kenya, ambako ni vyema kupitia chama cha jamii cha msitu huo, kinachotambuliwa na sheria ya mwaka 2016.
- Mikoko: Tanzania Bara mikoko yote ni hifadhi ya serikali. Msiokote hata kwa nia njema bila kibali.
- Misitu ya kaya na ya matambiko: wenye neno ni wazee. Kaya za Mijikenda ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini zililindwa na miiko muda mrefu kabla ya hapo. Wazee wakisema hakitoki kitu, jibu ni "Tumesikia."
- Shamba la mtu: mgawieni mwenye mti fungu linalojulikana. Mti wenye faida haukatwi mkaa.

Mbegu ikivuka mpaka wa nchi inahitaji cheti cha afya ya mimea. Msimpe dereva wa lori akaupitishe mzigo kimyakimya.

## Kuchagua miti mama

Mbegu zikitoka kwenye mti mmoja, msitu mzima utakuwa wa ndugu wa tumbo moja: ugonjwa ukiingia unawamaliza pamoja, na kizazi kinachofuata huwa dhaifu. Kanuni za wakusanyaji wazoefu ni hizi:

- Kusanyeni kwenye miti isiyopungua 25 hadi 30 ya aina moja. Ikikosekana, pungufu ya 15 isemwe wazi kwa mnunuzi.
- Mti na mti iachane mita 50 hadi 100, ili msichume kwa mama na binti zake.
- Chukueni kiasi kinacholingana kwa kila mti. Kujaza gunia kwenye miti miwili inayozaa sana ni kudanganya hesabu.
- Uacheni mti uliobaki peke yake katikati ya shamba. Mara nyingi umejichavusha wenyewe na mbegu zake ni dhaifu.
- Msichague mirefu na iliyonyooka tu. Anayetaka mbao anataka hiyo. Anayerudisha msitu anataka mchanganyiko.
- Msizidishe asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa siku hiyo. Zinazobaki ni za ndege, nyani, tumbili na msitu wenyewe.

Kumbukeni pia kwamba baadhi ya miti ina madume na majike. Mvule, muhuhu na msambu wa Usambara ni mifano. Mti usiozaa miaka yote si mgonjwa, huenda ni dume. Mkiruhusu ukatwe, majike jirani yatakosa chavua.

Upeni kila mti mama namba, na mwandike mahali ulipo. Simu nyingi za kisasa zinaweza kutoa alama za mahali hata pasipo mtandao.

## Siku ya kukusanya

Wakati. Msiifuate kalenda ya kitabu. Mti uleule huzaa miezi tofauti pwani na bara, na aina nyingine huzaa sana mwaka mmoja kisha hukaa miaka kabla ya kuzaa hivyo tena. Tengenezeni kalenda yenu: kila mwezi mtu mmoja apite aandike nani anachanua, nani ana matunda mabichi, nani anaangusha.

Jaribio la kisu. Kabla ya kuanza, chukueni mbegu 20 kutoka miti kadhaa, mzikate katikati. Nzima ina kiini kigumu, cheupe au cha kijani kibichi, kilichojaza ganda. Mbegu tupu, yenye majimaji, iliyonyauka au yenye funza ni mbaya. Zikiwa mbovu zaidi ya nusu, rudini nyumbani. Hakuna hasara kubwa kuliko kubeba maganda matupu kilomita kumi.

Kilichoanguka mapema. Matunda ya kwanza kudondoka mara nyingi yametobolewa na wadudu au hayajakomaa. Fagieni chini ya mti, tandikeni turubai, kisha mkusanye yale ya siku zinazofuata.

Zana. Kigoe kirefu cha kuangulia, turubai, mifuko ya kitambaa au magunia ya katani, penseli, lebo, mkasi wa kupogolea. Msitumie mifuko ya plastiki: mbegu hupumua, zikifungiwa zinapata joto na kuvunda kabla hamjafika barabarani.

Usalama. Msikate tawi ili kupata tunda. Asipande mtu mti bila kamba na mwenzake chini. Watoto wasipande kabisa. Na kabla ya kutia mkono kwenye majani makavu, yapekueni kwa fimbo; nyoka naye anapenda kivuli hicho.

## Siku mbili za kwanza baada ya kuchuma

Mbegu nyingi huharibikia hapa, njiani au uani, baada ya kazi ngumu kwisha.

- Matunda yenye nyama, kama ya mvule na mueri (Prunus africana): yalowekwe, yapondwe kwa mkono, yaoshwe, nyama imwagwe. Yakiachwa kwenye ndoo yanachacha na kuua kiini.
- Maganda makavu, kama ya migunga na mkwaju: anikeni juani juu ya turubai hadi yapasuke au yavunjike kwa urahisi, twangeni polepole, pepeteni kwa ungo.
- Maganda mepesi au yenye mabawa, kama ya mpingo na mninga: ya mpingo ni mepesi na hupeperushwa, kwa hiyo yachumwe yangali mtini. La mninga lina miiba na kokwa gumu katikati. Kutoa mbegu humo ni kazi ya taratibu, na bei iakisi kazi hiyo.
- Mkongo: ondoeni kile kikofia chekundu kwenye mbegu nyeusi. Huvutia wadudu na kuvu.
- Mbuyu: wanaouza unga wa ubuyu hubaki na mbegu nyingi, na wengi watawapa bure. Ulizeni kwanza mibuyu ilikuwa wapi. Mbegu isiyojulikana asili yake msiiuze kama ya kwenu.

Mbegu iliyokwisha kutolewa ikaushwe kivulini, penye upepo, juu ya chekecheke au jamvi, ikigeuzwa mara kwa mara. Msiianike kwenye bati wala kwenye sakafu ya saruji wakati wa mchana. Joto la hapo huua.

## Ipi inakaa, ipi haikai

Kabla ya kupokea oda yoyote, jueni mbegu yenu iko kundi gani.

Zinazovumilia kukaushwa. Migunga, mkwaju, mkongo, mbuyu. Zikikauka vizuri na kufungwa, hukaa miaka. Hizi ndizo za kuanzia kikundi kichanga.

Za haraka. Mueri na nyingi za misitu yenye unyevu. Nguvu zake hushuka upesi. Mueri ukiukausha kama maharage unauua. Zikusanywe kwa oda, zisafiri ndani ya siku chache zikiwa kwenye unga wa mbao wenye unyevu kidogo, zipandwe mara moja.

Za subira. Msambu unaweza kuchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kabla ya kuota. Mwambieni mnunuzi mapema, la sivyo atamwaga udongo wa kitalu akidhani mmemwibia.

Mikoko. Mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata), mkandaa na muia huangusha mche ulioanza kukua juu ya mama. Kwa mkoko, tazameni kola iliyo kati ya tunda na kijiti: ikigeuka manjano, umekomaa. Uwekwe kivulini ukiwa na unyevu, na upandwe ndani ya siku chache. Msikubali kila eneo la matope lipandwe mkoko kwa kuwa tu ni rahisi kuuokota. Mlilana hukaa upande wa bahari, na kila aina ina kiwango chake cha maji. Watu wa Gazi, Kwale, wenye mradi wa Mikoko Pamoja, wamejulikana duniani kwa kulinda mikoko iliyopo pamoja na kupanda.

## Kuhifadhi bila jokofu

Wataalamu wa mbegu wana kanuni inayofaa kwa kundi la kwanza: kila unyevu wa mbegu ukishuka kwa asilimia 1, au joto la ghala likishuka kwa nyuzi 5, maisha ya mbegu huongezeka takribani maradufu. Kwa hiyo hata pasipo umeme mnaweza kufanya mengi.

Mtajuaje kama zimekauka? Tumieni chumvi:

1. Kaangeni chumvi kwenye sufuria kavu, ipoe ndani ya chombo kilichofungwa.
2. Wekeni chumvi robo ya chupa kavu ya kioo, na mbegu kiasi hicho hicho.
3. Fungeni, tikiseni, subirini dakika 10 hadi 15.
4. Chumvi ikigandamana au kushika kuta za chupa, mbegu bado zina unyevu. Rudisheni kivulini.

Zikishakauka, zitieni kwenye madumu au chupa zenye mfuniko unaobana, pamoja na kifuko cha mkaa uliokaushwa vizuri. Jazeni chombo hadi juu ili hewa iwe kidogo. Kiwekwe chumba chenye ubaridi, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Mbegu za migunga zichunguzwe kila mwezi: wadudu wake huingia ganda likiwa bado bichi mtini, kisha hutoboa na kutoka mkiwa mmeshafunga chombo.

## Kupima kabla ya kuuza

Kila fungu, kabla halijatoka, lipimwe hivi:

1. Changanyeni fungu lote, mchote mbegu 100 bila kuchagua.
2. Mbegu zenye ganda gumu zitayarishwe kwanza. Mkongo na mbuyu zikwaruzwe kwa tupa au kukatwa kidogo upande usio na kiini. Migunga imwagiwe maji yaliyochemka na kuepuliwa motoni, ikae humo hadi kesho yake.
3. Zipandeni kwenye mchanga safi, mafungu manne ya mbegu 25.
4. Mwagilieni kidogo kila siku na mwandike zilizoota.
5. Jumla ndiyo asilimia yenu. Iandikeni kwenye lebo kama ilivyo.

Kuelesha mbegu majini husaidia kwa zilizo nzito, lakini si kwa zenye mabawa. Hizo huelea zote, nzima na tupu. Na asilimia 40 iliyoandikwa kwa ukweli inauzika vizuri kuliko 90 ya mdomoni, maana mnunuzi atapanda zaidi na atapata miche aliyoitarajia.

## Daftari na lebo

Lebo mbili kwa kila mfuko: moja ndani, moja nje. Andikeni kwa penseli. Wino hufifia na kuyeyuka. Yanayotakiwa:

- majina ya aina, likiwemo la kisayansi;
- kijiji, msitu na mwinuko;
- tarehe ya kukusanya;
- idadi ya miti mama;
- majina ya waliokusanya;
- tarehe na matokeo ya kupima;
- namba ya fungu, ile ile iliyo kwenye daftari.

Msichanganye fungu la mwaka huu na la mwaka jana, wala la kijiji hiki na kile. Kilo mbili zilizochanganywa ni kilo mbili zisizojulikana.

## Bei na mgao

Bei ya mbegu isitokane na "wenzetu wanauza ngapi". Ihesabuni. Tuseme, kwa mfano tu, watu 4 walifanya kazi siku 3, wakapata kilo 6 za mbegu safi. Hizo ni siku-kazi 12, yaani 2 kwa kila kilo. Zidisheni kwa ujira wa kibarua kijijini kwenu, ongezeni nauli, magunia, ushuru wa msitu na akiba ya kikundi. Mkiuza chini ya hapo, mnamchangia mnunuzi.

Kwenye mgao:

- mlipeni mkusanyaji kwa uzito wa mbegu safi iliyopita kisu, kamwe si kwa uzito wa gunia lililofika; la sivyo mtanunua mawe na maganda;
- kusafisha na kupima kulipwe pia, maana mara nyingi hufanywa na kina mama na husahauliwa;
- fungueni akaunti ya watu watatu kusaini, na hesabu zisomwe mbele ya wote kila baada ya mauzo;
- andikeni mapema mwanachama aliyechanganya mbegu mbovu atafanywa nini.

## Wenye shaka nao wajibiwe

"Sisi si wataalamu." Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, walioifanya kazi ni wanawake wa vijijini waliokusanya mbegu za maeneo yao, wakaotesha, na kulipwa kwa mche ulioishi. Utaalamu wa kujua mti unaangusha lini uko tayari kijijini. Wa kupima na kuandika hujifunzwa kwa msimu mmoja.

"KEFRI na TFS wanauza tayari." Wanauza, na ni walimu wazuri wa kuwaendea. Lakini hawawezi kuwa na kila aina kutoka kila wilaya. Mbegu ya mti uliozoea ukame wenu haina mbadala wa mbali.

"Tutaumaliza msitu." Mkivunja kanuni ya asilimia 20, ndiyo. Mkiifuata, kikundi kinakuwa na sababu ya kuzima moto na kumkemea mchoma mkaa.

"Mwaka usio na matunda tutakula nini?" Msitegemee mbegu peke yake. Aina tano au sita, kitalu kidogo cha miche, na kilimo chenu kama kawaida. Hii ni kazi ya nyongeza kwa miaka ya mwanzo.

## Makosa yanayojirudia

- Kukubali oda ya kilo nyingi kwa kuona haya kukataa.
- Kununua kwa watu wasiojulikana ili kujaza pengo la oda.
- Kuchuma mabichi kwa hofu ya kutanguliwa na kikundi kingine.
- Kuhifadhi mbegu jikoni, juu ya moshi, kama mahindi ya mbegu.
- Kumwachia mtu mmoja daftari, kisha akahama nalo.
- Kuuza zote na kutobakiza kidogo cha kuthibitisha ubora mnunuzi akilalamika.

## Msimu wa kwanza, hatua kwa hatua

1. Wiki hii: kaeni na wazee na wafugaji, mtaje aina sita na mahali zilipo.
2. Mwezi huu: ruhusa kwa maandishi, na ziara kwa wanunuzi wawili.
3. Miezi miwili inayofuata: namba kwa miti mama, kalenda ya matunda, majina yathibitishwe.
4. Matunda yakikomaa: kusanyeni aina mbili tu, moja ya zinazokaa na, kama ina oda, moja ya haraka.
5. Pimeni, andikeni, uzeni kidogo, na mbakize mbegu 100 za kila fungu zinazokaa.
6. Baada ya miezi mitatu, mtembeleeni mnunuzi kitaluni mwake mhesabu naye miche. Zilizokataa kuota, zungumzeni bei au mmrudishie nyingine.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoleta oda ya pili. Oda ya kwanza mtu anaweza kuipata kwa maneno mazuri. Ya pili huja kwa miche iliyosimama.